Mguu Usiosikia Kaa la Moto

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa na miaka 9, nimechutama kando ya jiko la mkaa napepea, na Baba amesimama nyuma yangu akizungumza na jirani habari za bei ya mninga. Harufu ile haikuwa ya samaki wala ya mkaa. Nilipogeuka niliona kaa jekundu liko chini ya kisigino chake, naye bado anazungumza. Nikapiga kelele, "Baba, mguu!" Akatazama chini, akauinua, kaa likaja nao limenata kwenye ngozi. Akalibandua kwa kibanzi cha ubao. Hakuguna. Jirani aliondoka bila kuaga.

Siku hizo hizo Baba alikuwa akilala barazani juu ya mkeka, kwa kuwa kitandani alishindwa kuvumilia hata shuka imguse vidole. Bibi, mama yake, alikuwa akichovya kanga kwenye maji ya mtungi, anaikamua, anamfunika nayo miguu. "Inawaka, mama," Baba alikuwa akisema. "Inawaka." Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mengine yale ya kwanza yakipata joto. Usiku mmoja nikachoka, nikamwambia: "Baba, si juzi tu umekanyaga kaa na hukusikia? Sasa unaungua na nini?"

Bibi alinikemea. Baba hakujibu. Tangu usiku ule hakusema tena mbele yangu kwamba miguu inamuuma, mpaka alipofariki mwaka 2004. Leo najua kwamba alikuwa mkweli mara zote mbili: kaa hakulisikia, na moto wa usiku aliusikia. Najua kwa sababu miguu ile nimeirithi.

Baba alikuwa fundi wa kuchonga milango. Anayepita Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuanzia Ngome Kongwe kushuka kuelekea pwani, huiona milango ya zamani yenye mnyororo kuzunguka fremu, mawimbi, samaki na yungiyungi. Baba alijifunza kazi kwa kuitazama milango hiyo na kwa kumbebea vyombo fundi mmoja mzee. Mimi ninaweza kusoma ugonjwa wake kwenye mbao. Mlango alioutengeneza kabla sijaanza shule una samaki ambao kila gamba lao limekatwa peke yake, na mfaa wake una maua yanayopishana bila kukosea hata moja. Wa miaka michache baadaye, samaki wana macho lakini hawana magamba. Wa mwisho, wa mwaka 1994, una mawimbi yaliyonyooka karibu kuwa mistari, na yungiyungi lake ni duara lenye mikato 5. Wakati ule nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imezama, pamebaki bonde. Patasi ilimtoka mkononi, akawa anaifunga kwenye kiganja kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye nyumba aliupokea mlango, akalipa bei waliyopatana, na mpaka leo upo.

Watu walisema amekanyaga kitu. Pwani yetu mguu ukiharibika bila ajali, wazo la kwanza ni kwamba mtu ametegewa dawa njiani naye ameipita. Babu naye alikuwa amemaliza umri wake kwa mkongojo, na shangazi yangu mmoja alitembea akiinua magoti juu kama korongo, basi ikasemwa kwamba dawa hiyo ilitegewa ukoo mzima. Wengine walilaumu ndoa za mabinamu. Bibi alikwenda kwa mwalimu wa madrasa akaandikiwa kombe, Baba akanywa. Sitalisema vibaya kombe lile. Halikurudisha nyama ya mkono, lakini kwa muda wa kulinywa kulikuwa na mtu aliyemketisha Baba, akamsikiliza, akamwombea, wala hakumuuliza kama ana hakika kwamba anaumwa.

Kisha ukaja ukoma. Kwenye zahanati moja Baba alishikwa kiwiko, na mshipa unaopita nyuma yake ukaonekana umenenepa kama kamba ya nyavu. Vidole vimepinda, kisigino kina kidonda kisichouma, mshipa umevimba: kwa aliyefundishwa kuutafuta ukoma, dalili hizo zinatosha kumpotosha. Tangu mwaka 1977 nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na wahudumu walikuwa wamefunzwa kutoacha mgonjwa apite. Lakini Baba hakuwa na baka lolote la ngozi lililokufa ganzi, na hilo halikuangaliwa vizuri. Akapewa vidonge vya pakiti, vikamgeuza rangi ya uso akawa mweusi wa kubabuka. Mji ukajua. Kwenye karamu za harusi, yeye aliyezoea kula sinia moja na wenzake akawa anatengewa sahani. Sielezi haya kana kwamba ukoma ni aibu. Una dawa, unapona, na wanaougua wametengwa vya kutosha. Naeleza kwa sababu nilimwona baba yangu akila wali wa harusi peke yake, amegeukia ukuta.

Mwaka 1993 alipelekwa Muhimbili, akalazwa jengo la Sewahaji. Jina lile lilimfariji. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeuza bidhaa na kutafuta wapagazi wa misafara ya bara, na hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, ya mwaka 1897, ndiyo iliyokua mpaka ikawa Muhimbili. "Nimelala kwa mtu wa nyumbani," Baba alituambia. Daktari wa pale alimchunguza ngozi yote, akamshika viwiko, akauliza habari za Babu na za Shangazi. Akasema si ukoma. Ni ugonjwa wa neva wa kurithi. Hakutaja jina lingine, na sisi hatukuuliza. Kwetu ilitosha kwamba Baba amerudishwa kwenye sinia.

Zamu yangu ilianza na ndala. Nilikuwa na miaka 22, natoka sokoni, mtoto akanikimbilia: "Dada, kiatu chako hiki." Ndala ya kushoto ilikuwa imebaki mchangani hatua kama kumi nyuma yangu, nami sikuwa na habari. Nilicheka, nikaivaa. Wiki iliyofuata ikatoka tena. Nilipofika nyumbani nilimkuta Baba barazani. Alinitazama ninavyotembea, kisha akatazama pembeni. Alikuwa amejua kabla yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya miguu kama ilivyo ya mikono: mguu ndio unaoamua mshono uende kasi au polepole. Mguu wangu ukaanza kuwa kama wa mtu mwingine. Naukanyaga ubao wa cherehani bila kujua kama nimeukanyaga, mpaka nione gurudumu linazunguka. Baadaye mikono nayo: kutunga uzi, kufunga kifungo, kushika mkasi kwenye kitambaa kizito. Na usiku, moto. Si moto wa kuungua tu. Kuna siku ni sindano, tena najua sindano ninapozitaja; kuna siku ni mkazo unaokamata unyayo alfajiri na kupinda vidole; kuna siku ni nyonga na kiuno vinavyouma kwa kazi ya kunyanyua magoti mchana kutwa ili ncha za vidole zisiburure.

Nilipotaka kueleza, Kiswahili changu kilinitupa mkono. Mshipa kwetu ni wa damu, mshipa ni ule unaoshika msuli, mshipa ni wa fahamu. Na ukisema pwani kwamba mtu ana mshipa, watu wanaelewa ana busha. Mabusha na matende tunayafahamu, yanaletwa na mbu, na dawa zake tumegawiwa nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo Baba aliposema anaumwa mishipa, watu walimtazama mahali pasipohusika. Halafu lipo neno kusikia. Sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Mtoto wa miaka 9 angejuaje kwamba mguu unaweza kuwa kiziwi kwa yaliyo nje na bado ukasikia kelele za ndani?

Mwaka 2012 nilipanda daladala mpaka Mwenge, nikaendelea mpaka hospitali ambako daktari wa neva alinipima kwa umeme. Wanabandika vidude kwenye ngozi, wanagonga mshipa wa mkono kwa umeme mdogo, mashine inahesabu unachukua muda gani kufika. Mkono wa mtu mzima asiye na tatizo hupitisha habari kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde na zaidi. Wangu ulikuwa 21. Akachora ukoo wetu kwenye karatasi, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, akapaka wino waliougua. Babu, Baba, Shangazi, mimi. Hapo ndipo nilipolisikia jina: Charcot-Marie-Tooth. Ni majina ya madaktari watatu, Charcot na Marie wa Paris na Tooth wa Uingereza, walioueleza ugonjwa huu mwaka 1886. Mwaka ule ule Wajerumani na Waingereza walikuwa wakipatana juu ya pwani yetu, wakimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili 10. Nilipolinganisha miaka hiyo niliumia. Ugonjwa wa Babu ulikuwa na jina kabla Babu hajazaliwa, na jina lenyewe lilichukua miaka 126 kufika nyumbani kwetu.

Tena si ugonjwa wa watu wachache hivyo. Inakadiriwa duniani mtu 1 kati ya 2,500 anao. Katika aina inayoonekana zaidi kuliko nyingine, kipande cha kromosomu ya 17 kimejirudia. Watafiti waligundua hilo mwaka 1991. Kwa sababu hiyo ganda la mafuta linalouzunguka uzi wa neva haliumbiki sawasawa, habari zinapita polepole, na mwisho uzi wenyewe unakufa. Msuli hauna kosa. Unakonda kwa kukosa wa kuuamrisha. Neva za kwenda vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, kwa hiyo ndizo zinazoanza. Ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la maji: presha ikishuka, hiyo ndiyo ya kwanza kukosa. Baadaye inafuata mikono. Na katika aina hii mzazi mmoja anatosha, kila mtoto ana nusu ya uwezekano, wa kike sawa na wa kiume. Mabinamu wetu walilaumiwa bure, na hakuna aliyetega kitu njiani.

Nikamuuliza daktari swali la Baba: kama mguu hausikii, unaungua na nini? Akaniambia neva iliyoharibika hainyamazi. Inaweza kujirushia habari yenyewe, kama simu inayolia hali hakuna aliyepiga, na ubongo hauna njia ya kujua kwamba hakuna aliyepiga. Unapokea, na habari inayofika ni moto. Kaa la kweli nalo linapiga, lakini waya wake umekatika. Nilikaa kwenye kiti kile nikalia kwa sauti, muuguzi akadhani ninalilia ugonjwa wangu.

Kujua jina hakukufanya nisadikiwe. Kwenye kliniki moja niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba ugonjwa huu unadhoofisha misuli lakini hauumi, kwa hiyo nitafute sababu nyingine ya kukosa usingizi. Vitabu vingi vilishikilia hivyo kwa muda mrefu. Sasa madaktari wanaoufuatilia wanakubali kwamba wagonjwa wengi wanaishi na maumivu, ya neva na ya viungo vinavyobeba mwendo uliopinda. Lakini mimi nilikuwa nimeshapoteza miaka nikinunua diklofenaki dukani, vidonge vya uvimbe kwa mwili usio na uvimbe, mpaka tumbo likachubuka. Niliyependa kumwambia yule wa kliniki ni kwamba mgonjwa asiyesadikiwa haachi kuumwa. Anaacha kusema, anameza anachouziwa, na mwisho anafanya kama alivyofanya baba yangu.

Dawa iliyonisaidia ni amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 mwanzoni, kabla ya kulala. Muuza duka aliniuliza nina huzuni gani, maana wanaijua kama dawa ya sonona, na ndugu wakanong'onezana kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. Ni kweli ni dawa ya sonona, lakini kwa kiasi kidogo inapunguza kelele za neva. Ilinikausha mdomo, ikanitia usingizi mzito asubuhi, na haikuuzima moto. Iliuteremsha ukawa wa jiko badala ya wa tanuru. Nikaanza kulala saa 4 mfululizo. Asiyewahi kukosa usingizi miaka 10 hatajua thamani yake. Hakuna dawa inayoponya ugonjwa wenyewe, na zipo zinazoudhuru: daktari aliniandikia kwenye daftari jina vinkristini, dawa ya saratani, nimwonyeshe yeyote atakayetaka kunipa siku moja.

Mafunzo makubwa kuliko hayo nimeyapata kwa wagonjwa wa ukoma. Mwaka 2010 nilikwenda pwani maji yamekupwa, kupokea samaki, nikakanyaga gamba la chaza. Aliyeniambia ni mtoto aliyeona damu kwenye nyayo zangu mchangani. Kidonda kilikaa miezi 4. Aliyekitibu ni muuguzi mstaafu, mama mmoja aliyefanya kazi na wenye ukoma kwa muda mrefu, na aliponiona miguu hakuuliza nina ugonjwa gani. "Mguu usiosikia, mama, unatunzwa kwa macho," aliniambia. Akanifundisha kuiloweka kila jioni kwenye maji ya kawaida, kuyapima kwa kiwiko kwanza, kukwangua sugu, kupaka mafuta ya nazi maji yasikauke kwenye ngozi, kuweka kioo sakafuni nione unyayo wote, kukung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kutokwenda peku hata chooni. Jina lile lile lililomtenga Baba na sinia ndilo lililokuwa na elimu ambayo ingemwokoa kisigino chake. Kama siku ile zahanati wangemkosea jina lakini wakamfundisha kuutazama mguu, asingekuja kukatwa vidole viwili vya mguu.

Nilipata pia vifaa vya plastiki vya kushika vifundo, vilivyofinyangwa kwa kipimo cha miguu yangu. Mafundi wa kazi hiyo wanasomea Moshi, kwenye chuo cha TATCOT, tangu mwaka 1981, na karakana zipo Dar es Salaam, kwenye hospitali za CCBRT na MOI. Siku ya kwanza kuvivaa nilitembea kutoka kituoni mpaka nyumbani bila kutazama chini, nikaiona bahari. Cherehani nimeifunga mota. Wateja nawaomba watunge sindano wenyewe wakati wanasubiri, na wengine sasa huja hata siku ambayo hawana nguo ya kushona.

Vipimo vya jeni bado ni safari ndefu kwa watu kama sisi. Jirani zetu Zambia wamo kwenye mtandao wa kimataifa wa utafiti wa magonjwa haya ya neva na misuli, na nina hamu kubwa siku yetu ifike. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Ali Kimara inayowasemea wenye magonjwa adimu, na siku ya mwisho ya kila Februari dunia inawakumbuka watu hao. Mwaka jana siku hiyo nilikwenda kuutazama mlango wa mwisho wa Baba. Niliweka vidole kwenye yungiyungi lenye mikato 5. Vidole vyangu havikuusikia ukingo wa mkato, ikabidi niufuate kwa macho.

Mwanangu ana miaka 15. Mwaka huu nilimwona ndala ikimtoka mlangoni naye anaendelea kutembea. Sikusema kitu siku ile. Wiki mbili baadaye, usiku, alikuja akasimama chumbani kwangu, akasema kwa aibu, "Mama, miguu yangu inauma, lakini nikiigusa siisikii vizuri. Sijui kama inauma kweli."

"Inauma kweli," nilimwambia. "Njoo ukae, baba."

Nikachovya kanga kwenye ndoo, nikaikamua, nikamfunika nayo. Nilichukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa mtupu, nikamuuliza maumivu yanaanzia wapi. Akaonyesha. Inauma kama nini? Alifikiri muda mrefu, maji yakimchuruzika kwenye vifundo.

"Kama mchanga wa pwani saa saba mchana," alisema, "umesimama hapo na hakuna kivuli."

Nikaandika kama alivyosema.